Hesabu za Maneno Kuhusu Eneo: Mwongozo Kamili wa Kuzitatua kwa Mlinganyo wa Kipeo cha Pili

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili x² + 7x − 120 = 0, atainamia daftari dakika tatu na kukuletea jibu. Mpe swali hilohilo likiwa limevishwa maneno, kwamba shamba ni la mstatili, urefu umezidi upana kwa mita 7 na eneo ni mita za mraba 120, kalamu inasimama hewani. Nimeliona hili kwenye madaftari ya tuisheni mpaka nimelizoea, na nimeliona kwa wazazi wanaokaa na watoto wao usiku wakikuna vichwa pamoja.

Kutatua wanajua. Wanapotea kati ya nukta ya mwisho ya swali na mstari wa kwanza wa hesabu. Kisha wengi wanapotea tena mwishoni, wanapopata majibu mawili wasijue la kubaki nalo. Nitakaa zaidi kwenye sehemu hizo mbili. Kwingine nitapita haraka.

## Kinachohitajika

- Karatasi ya miraba. Ukikosa, karatasi yoyote na rula.
- Penseli na ufutio. Mchoro wa kwanza mara nyingi hukosewa, na hilo halina shida.
- Kalamu ya rangi moja, ya kupaka eneo linaloulizwa.
- Jedwali la vipeuo vya pili au kikokotoo, kwa maswali machache ambayo namba zake hazitoki kamili. Mpaka hapo kiache pembeni.
- Tepu ya fundi, ukiwa nayo. Utaiona kazi yake kwenye habari ya zulia.

Kichwani uwe na mambo matatu: eneo la mstatili ni urefu mara upana, eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, na unajua kufungua mabano. Kama (x + 3)² kwako ni x² + 9, simama kwanza. Chora mraba wenye upande wa x + 3 uugawe: utaona kipande cha x², vipande viwili vya 3x, na kimoja cha 9 pembeni. Ni x² + 6x + 9. Anayesahau ile 6x amekata vipande viwili vya mraba wake akavitupa.

## Hatua ya 1: Soma mara mbili, kisha lisimulie

Usiandike kitu unaposoma mara ya kwanza. Mara ya pili, weka mstari chini ya mambo mawili tu: namba ya eneo, na swali lenyewe linataka nini. Upana? Urefu? Mzingo? Upana wa njia?

Halafu funika karatasi ulisimulie kama unamweleza mdogo wako: "Kuna shamba, refu kuliko lilivyo pana, tofauti mita saba..." Wanaosoma sekondari Tanzania wana mzigo wa ziada hapa, maana swali limeandikwa kwa Kiingereza na kichwa kinawaza kwa Kiswahili. Usione haya kulisimulia kwa Kiswahili kimoyomoyo. Hakuna msimamizi anayesikia.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema swali lote bila kuangalia, hata ukisahau namba.

## Hatua ya 2: Chora, hata kama unaliona kichwani

Mchoro usiwe mzuri, uwe mkubwa. Robo ya ukurasa inatosha. Upande mrefu uwe mrefu kweli kwenye karatasi, vinginevyo utaweka x + 7 kwenye upande mfupi usishtuke.

Paka rangi lile eneo ambalo swali limetoa namba yake. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini inaokoa alama nyingi kuliko nyingine zote. Swali likisema eneo la njia ni 48, paka njia. Likisema eneo la bwawa na njia yake ni 88, paka vyote. Hayo ni maswali mawili tofauti na milinganyo yake haifanani, ila ukisoma haraka yanasikika kama moja.

## Hatua ya 3: Ipe herufi x kitu kimoja kinachopimika

Andika kwa maneno: "x ni upana wa shamba kwa mita." Isiwe "x ni shamba", wala "x ni jibu". Kama huwezi kukipima kwa tepu, x yako haijakaa sawa.

Kwa kawaida mpe x kitu kidogo kuliko vyote, ili vingine vijengwe kwa kujumlisha. Kutoa kunaleta alama za hasi, na alama za hasi zinaleta makosa. Misemo inayorudi mara kwa mara hugeuka hivi:

- Urefu umezidi upana kwa 7: upana ni x, urefu ni x + 7.
- Urefu ni mara mbili ya upana, kasoro 3: upana ni x, urefu ni 2x − 3.
- Urefu na upana vina uwiano wa 3 kwa 2: urefu ni 3x, upana ni 2x. Kumbuka x hapa si upande wowote, ni kile kipimo kimoja cha uwiano.
- Mzingo ni mita 40: urefu mmoja na upana mmoja vinafanya 20, kwa hiyo upande mmoja ni x na wa pili ni 20 − x.

Tahadhari na "mara mbili zaidi". Mitaani, aliye na mara mbili zaidi yako ana maradufu, yaani 2x. Mwingine atakubishia kwamba "zaidi" ni nyongeza, kwa hiyo ni 3x. Mimi nasoma 2x, na nawaomba walimu wenzangu wanaotunga maswali waandike "mara mbili ya" ili mtoto asipoteze alama kwa ubishi wa watu wazima.

Na hii: ukiuita urefu x, "upana umepungua urefu kwa 7" ni x − 7, si 7 − x. Weka namba ya kubuni. Urefu ukiwa 10, upana ni 3. Sasa angalia ni ipi kati ya hizo mbili inayokupa 3.

## Hatua ya 4: Andika mlinganyo, maneno kwanza

Mstari wa kwanza uwe wa maneno matupu:

urefu × upana = eneo

Mstari wa pili badilisha kila neno kwa ulichokiandika kwenye mchoro:

(x + 7) × x = 120

Mabano ni lazima. Anayeandika x + 7 × x amezidisha 7 peke yake na kuuacha urefu mlangoni.

## Hatua ya 5: Leta kila kitu upande mmoja, kulia ibaki sifuri

x² + 7x − 120 = 0

Kuna kosa hapa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko yote. Mwanafunzi anaona x(x + 7) = 120, anaandika x = 120 au x + 7 = 120, anamaliza. Ameona mwalimu akifanya hivyo palipokuwa na sifuri, akadhani ni ruhusa ya kila namba.

Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo ni sifuri, hakuna njia nyingine. Lakini 120 haina tabia hiyo. Inatoka kwa 10 × 12, kwa 8 × 15, hata kwa 240 × nusu. Ndiyo maana tunahangaika kupata sifuri upande wa kulia.

## Hatua ya 6: Tatua

Tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata −120 na ukizijumlisha unapata 7. Ni 15 na −8. Kwa hiyo:

(x + 15)(x − 8) = 0

x = −15 au x = 8

Kama namba zote za mlinganyo zinagawanyika kwa kitu kimoja, gawa kwanza kabla ya kuanza kuwinda. Na ukiwinda dakika mbili bila kupata kitu, usiendelee kubahatisha, nenda kwenye kanuni ya jumla. Tutaitumia kwenye swali la ekari huko mbele.

## Hatua ya 7: Hoji majibu yote mawili

Upana hauwezi kuwa −15, kwa hiyo ni mita 8, na urefu ni mita 15. Zidisha: 8 × 15 = 120.

Lakini kabla ya kuifuta −15, itazame. Ondoa alama ya hasi, unabaki na 15, ambao ndio urefu wenyewe. Hii haikutokea kwa bahati. Kama ungeanza kwa kuita urefu x, mlinganyo ungekuwa x(x − 7) = 120 na majibu yangekuwa 15 na −8. Kwa hiyo kila swali likiwa la sura hii, pande mbili zenye tofauti inayojulikana, jibu unalolikataa linakunong'oneza upande wa pili. Wengi wanalifuta bila kulisikiliza.

Kuna kipimo kingine cha haraka, kinafaa mistatili yote. Kipeuo cha pili cha eneo lazima kiangukie kati ya upana na urefu. Kipeuo cha 120 ni karibu 11, na 11 iko kati ya 8 na 15. Ukipata upana 14 na urefu 21, huhitaji hata kuzidisha kujua pameharibika mahali.

## Hatua ya 8: Jibu kilichoulizwa

Rudi kwenye ule mstari uliouchora chini ya swali. Likiuliza mzingo, jibu ni mita 46, si 8. Urefu unaandikwa kwa mita, eneo kwa mita za mraba. Na kama swali limechanganya sentimita na mita, badilisha tangu Hatua ya 2: mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, si 100.

Hizo ndizo hatua zenyewe. Sasa aina za maswali zinazoangusha watu.

## Uzio: pale majibu yote mawili yanapokuwa sahihi

Una wavu wa mita 30. Unataka banda la kuku la mstatili, upande mmoja uegemee ukuta wa nyumba ili wavu uzunguke pande tatu tu. Eneo liwe mita za mraba 112. Vipimo vya banda ni vipi?

Kwenye mchoro, ukuta uwe mstari mnene. Pande mbili zinazotoka ukutani ni x kila mmoja. Upande unaokwenda sambamba na ukuta unapata wavu uliobaki: 30 − 2x. Wanaoukosea wanauita 15 − x kwa sababu wamekariri kugawa mzingo kwa mbili, na hapa mzingo haujakamilika.

x(30 − 2x) = 112

30x − 2x² = 112

2x² − 30x + 112 = 0

x² − 15x + 56 = 0

(x − 7)(x − 8) = 0

Ukichukua x = 7, upande wa pili ni 16. Ukichukua x = 8, upande wa pili ni 14. Saba mara 16 ni 112. Nane mara 14 ni 112. Ni mabanda mawili tofauti kabisa, yote yanajengeka, na yote yanaandikwa kwenye jibu. Usikatae moja kwa sababu umezoea kukataa.

Kinachoweza kulikataa moja ni ukuta. Kama swali limetaja kwamba ukuta una urefu wa mita 15, lile banda la mita 16 linatokeza nje ya nyumba, linaondoka. Sentensi za namna hiyo huwa zimefichwa mwanzoni mwa swali ambapo msomaji mwenye haraka amesharuka.

Linganisha na banda la kuzungushia pande zote nne kwa wavu wa mita 40, eneo 96. Hapo x(20 − x) = 96 inatoa 8 na 12. Majibu mawili, banda moja: ukisema upana ni 8, urefu ni 12, na ukianza na 12 umeligeuza tu. Andika mara moja.

Na ukiombwa eneo la 110 kwa wavu huohuo wa mita 40? Mlinganyo ni x² − 20x + 110 = 0. Ukienda kwenye kanuni ya jumla, chini ya kipeuo unakuta 400 − 440, yaani hasi 40, na hakuna urefu unaotoka hapo. Hujakosea. Wavu wa mita 40 hauwezi kuzungushia mstatili unaozidi mita za mraba 100, ambao ni mraba wa 10 kwa 10. Mlinganyo umekwambia ukanunue wavu zaidi.

## Zulia katikati ya sebule: mtego mkubwa kuliko yote

Sebule ina mita 5 kwa mita 4. Zulia la mstatili lenye mita za mraba 12 limetandikwa katikati, likaacha ukanda wa sakafu wenye upana sawa pande zote nne. Ukanda huo una upana gani?

Kijana mmoja aliniletea daftari lake akiwa amelitatua hivi: (5 − x)(4 − x) = 12, ikawa x² − 9x + 8 = 0, ikawa (x − 1)(x − 8) = 0. Akakataa 8 kwa kuwa inazidi chumba, akabaki na mita 1. Namba safi, hakuna desimali. Akaangalia: 4 × 3 = 12. Alikuwa na uhakika, na akanishangaa nilipoweka alama ya kosa.

Sikubishana naye. Nilitandika mkeka sakafuni, nikampa tepu, nikamwambia apime kutoka ukutani mpaka mkeka unapoanza, upande wa kushoto. Akapima. Nikamwambia sasa upande wa kulia. Alipofika katikati ya chumba akielekea upande wa pili, tepu mkononi, akasimama. "Kumbe ziko mbili." Hakuhitaji maelezo mengine.

Ukanda unakula chumba kutoka pande mbili za urefu, na kutoka pande mbili za upana. Zulia lina urefu wa 5 − 2x na upana wa 4 − 2x:

(5 − 2x)(4 − 2x) = 12

20 − 18x + 4x² = 12

4x² − 18x + 8 = 0

2x² − 9x + 4 = 0

(2x − 1)(x − 4) = 0

x = 0.5 au x = 4

Ukanda ni nusu mita. Zulia ni lilelile, 4 kwa 3. Yule kijana alipata zulia sahihi na ukanda mara mbili ya ulivyo, kwa sababu x yake ilikuwa jumla ya kushoto na kulia bila yeye kujua. Ndiyo maana Hatua ya 3 inataka uandike x ni nini kwa maneno.

Sasa tazama lile jibu la pili, 4. Si hasi. Anayefuata sheria ya "kataa hasi" tu ataliandika. Mbaya zaidi, ukilirudisha kwenye mlinganyo linakubali: 5 − 8 ni −3, 4 − 8 ni −4, na −3 × −4 ni 12. Hesabu imekubali zulia ambalo urefu wake ni hasi mita 3 na upana hasi mita 4, kwa vile hasi mbili zikizidishwa zinafichana.

Kwa hiyo kurudisha jibu kwenye mlinganyo hakutoshi. Lirudishe kwenye mchoro. Hesabu kila upande peke yake, na kila upande uwe chanya, ndipo uzidishe. Kwa swali la ukanda kuna mkato: x lazima iwe ndogo kuliko nusu ya upande mfupi. Hapa ni chini ya 2.

## Njia nje ya umbo, na bati la trei

Ukanda ukiwa nje, unajumlisha. Bwawa la samaki lina mita 8 kwa 5, limezungukwa na njia ya saruji ya upana sawa, na eneo la njia peke yake ni mita za mraba 48. Ulichopaka rangi ni njia, kwa hiyo: eneo lote, toa bwawa, ni njia.

(8 + 2x)(5 + 2x) − 40 = 48

4x² + 26x − 48 = 0

2x² + 13x − 24 = 0

(2x − 3)(x + 8) = 0

Njia ni mita 1.5. Hakiki: 11 × 8 = 88, toa 40, imebaki 48.

Fundi bati naye anafanya kazi ya zulia bila kujua. Ana bati la sentimita 40 kwa 30. Anakata mraba mdogo kila pembe, anakunja kingo ziwe kuta za trei ya kuokea mikate. Kitako cha trei kiwe sentimita za mraba 600. Akate mraba wa ukubwa gani? (40 − 2x)(30 − 2x) = 600 inashuka mpaka x² − 35x + 150 = 0, majibu 5 na 30. Kata 30 kwenye bati lenye upana wa 30 uone utakachobaki nacho. Ni 5, na hiyo 5 ndiyo pia kina cha trei. Swali likiendelea kuuliza ujazo, ni 600 × 5, sentimita za ujazo 3,000, sawa na lita 3.

## Pembetatu

Kinachoangusha watu hapa ni nusu tu. Kitako kimezidi kimo kwa sentimita 3, eneo 44. Zidisha pande zote kwa 2 mapema ili sehemu iondoke: x(x + 3) = 88. Inatoka x² + 3x − 88 = 0, yaani (x + 11)(x − 8) = 0. Kimo 8, kitako 11. Ukiona x² + 3x − 44 inakataa kugawanyika, kabla ya kulaumu namba rudi uangalie nusu yako ilikoenda.

## Namba zikikataa: shamba la ekari moja

Maswali ya darasani hupikwa ili majibu yatoke kamili. Shamba la kweli halijali. Tuseme una ekari moja, karibu mita za mraba 4,047, na urefu umezidi upana kwa mita 20.

x² + 20x − 4,047 = 0

Hakuna haja ya kuwinda namba mbili. Kanuni ya jumla, kwa mlinganyo wa ax² + bx + c = 0:

x = [−b ± √(b² − 4ac)] ÷ 2a

Hapa a ni 1, b ni 20, c ni −4,047. Ile hasi ya c ndiyo inayoponyoka: −4 × 1 × −4,047 ni chanya 16,188. Chini ya kipeuo unapata 400 + 16,188 = 16,588, na kipeuo chake ni karibu 128.8.

x = (−20 + 128.8) ÷ 2 = 54.4

Upana mita 54.4, urefu 74.4. Ukizidisha unapata 4,047 na ushei, kwa sababu tulikata desimali. Andika "karibu" usijitie uhakika usiokuwepo.

Kipimo cha haraka kinakubali pia: kipeuo cha 4,047 ni karibu 63.6, kiko katikati ya hizo mbili. Na hapo utaona kwa nini watu wa mashambani huku kwetu wanapima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Ni hatua, si mita. Ekari ya mraba ina mita 63.6 kila upande, hatua moja ya mtu mzima ikiwa karibu sentimita 91. Anayekuuzia ekari ya mita 70 kwa 70 amekuzidishia mita za mraba zaidi ya 850. Kama ni wewe unayeuza, chukua tepu.

## Jaribu mwenyewe

1. Kila upande wa mraba umeongezwa mita 3, eneo jipya ni mita za mraba 100. Upande wa zamani ulikuwa mita ngapi?

2. Ploti ya futi 50 kwa 100, ile Wakenya wanayoiita hamsini kwa mia, inaachwa ukanda mtupu wa upana sawa pande zote, na ndani zinabaki futi za mraba 2,400 za kujengea. Ukanda ni futi ngapi?

3. Kitako cha pembetatu kimepungua kimo kwa sentimita 4, eneo ni 48. Tafuta vyote viwili.

4. Wavu wa mita 50 unazunguka pande tatu, wa nne ni ukuta wenye urefu wa mita 24. Eneo ni 300. Vipimo?

5. Bustani ya mita 20 kwa 12 imekatizwa na njia mbili za upana sawa, moja ikienda kwa urefu na nyingine kwa upana, zinakutana kama alama ya kujumlisha. Sehemu ya kupanda iliyobaki ni mita za mraba 153. Njia ina upana gani?

## Majibu

Swali la 1 ni mita 7, kataa −13. La 2 ni futi 10. Jibu 65 ni chanya lakini linazidi upana wa ploti yenyewe. La 3: kimo 12, kitako 8.

La 4 linatoa x = 10 na x = 15. Ukichukua 10, upande wa sambamba ni 30 na ukuta hautoshi. Ni 15 kwa 20.

La 5 nililiweka kwa ajili ya waliotoka kwenye zulia wakiwa wamekariri 2x. Ukiandika (20 − 2x)(12 − 2x) = 153 utapata 1.5, namba nzuri tu. Sasa chora. Njia inayokatiza inakula bustani mara moja kila uelekeo, si mara mbili. Visukume vile vipande vinne vya kupanda vigusane, unabaki na mstatili wa 20 − x kwa 12 − x. Ukifungua mabano unapata x² − 32x + 87 = 0, yaani (x − 3)(x − 29) = 0. Njia ni mita 3, na sehemu ya kupanda ikisukumwa pamoja ni 17 kwa 9.